STP na LACP kwenye swichi: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Dhana inayosikika sana miongoni mwa mafundi wa mitandao hapa Nairobi ni kwamba STP, itifaki inayozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi, ni mzigo wa kizamani, na kwamba ofisi yenye swichi mbili tatu haiihitaji. Ukweli ni kwamba ofisi ndogo ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa sababu swichi zake hukaa chini ya meza ambako kila mtu anazifikia. Katika ofisi moja ya Upper Hill nilikoitwa, mtu aliyekuwa akipanga meza upya aliokota ncha ya waya uliokuwa ukining'inia akaichomeka kwenye poti iliyokuwa wazi, asijue kwamba ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi hiyo hiyo. STP ilikuwa imezimwa. Pakiti ya IP hupunguziwa namba kila inapopita ruta mpaka itupwe, lakini fremu ya Etheneti, kifurushi cha data ambacho swichi hupitisha, haina kikomo cha namna hiyo. Kwa hiyo fremu za matangazo, zile zinazotumwa kwa vifaa vyote, zilizunguka, zikinakiliwa kwenye kila poti kila zilipopita, hadi simu za mezani zikanyamaza na taa zote za swichi zikawa zinapepesa kwa pamoja. Tiba ilikuwa kuchomoa waya mmoja.

Lawama kwamba STP huchelewesha poti kufunguka ina chembe ya ukweli, ila ni ya enzi nyingine. STP ya awali, aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985 akiwa Digital Equipment Corporation, huiweka poti sekunde 15 ikisikiliza na 15 nyingine ikijifunza kabla ya kupitisha data. RSTP, toleo lake la haraka lililotoka mwaka 2001, kwa kawaida humaliza kazi hiyo kwa sekunde chache. Poti za kompyuta na simu zisajiliwe kuwa za ukingoni ili zifunguke papo hapo. Kufanya hivyo hakuizimi STP, kinyume na wanavyodhani wengi, na ni vyema kuongeza kinga ya BPDU, ambayo huifunga poti hiyo mara tu ujumbe wa STP kutoka swichi nyingine unapoingia.

Wapo pia wanaoamini kwamba swichi zenyewe zitachagua mzizi ulio bora, yaani swichi ambayo STP hupanga njia zote kuielekea. Zitachagua, lakini ubora haumo katika vigezo vyao. Kwa kawaida kila swichi hutoka kiwandani ikiwa na kipaumbele cha 32768, namba ndogo ndiyo hushinda, na zinapolingana hushinda ile yenye anwani ndogo zaidi ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa), ambayo mara nyingi ni ya kifaa kikongwe. Ndiyo maana swichi ya mtumba iliyonunuliwa Luthuli Avenue na kuwekwa karibu na jiko la ofisi inaweza kuwa mzizi wa jengo zima, na data ya ghorofa nyingine ikalazimika kupitia hapo. Swichi ya kati ipewe kipaumbele cha 4096, na ya akiba 8192. Ni amri moja tu kwa kila swichi.

Kuhusu kufunga nyaya pamoja kwa LACP, itifaki ambayo swichi mbili hutumia kukubaliana kuzifanya nyaya kadhaa kuwa kiungo kimoja, wengi hutarajia kwamba nyaya mbili za gigabiti 1 zitanakili faili moja kwa gigabiti 2 kwa sekunde. Hapana. Swichi hukokotoa waya wa kutumia kutokana na anwani zilizomo kwenye fremu, na mtiririko mmoja hubaki kwenye waya mmoja ili fremu zisifike zikiwa zimepishana. Faida huonekana watumiaji wanapokuwa wengi, na hata hapo si lazima: ikiwa ukokotoaji unatazama anwani ya MAC ya mpokeaji peke yake, kila kinachoelekea intaneti kitaonyesha anwani ile ile ya ruta, waya mmoja ujae huku mwingine umelala. Ukokotoaji ujumuishe anwani za IP, na namba za poti za TCP na UDP (zinazotambulisha programu, si matundu ya swichi) pale swichi inaporuhusu.

Bunda la nyaya haliondoi haja ya STP. STP huliona bunda zima kama kiungo kimoja, ndiyo sababu haizuii waya wowote ndani yake. Lakini upande mmoja ukifungwa kwa nguvu bila LACP na nyaya za upande mwingine zikaachwa bila kufungwa pamoja, mzunguko unaweza kuzuka. Pande zote mbili zikiwekwa katika hali ya kungoja, hakuna inayoanza mazungumzo, na bunda halifanyiki. Mimi husanidi pande zote mbili kwanza, nikachomeka waya mmoja, nikaangalia kwamba LACP inazungumza, ndipo nichomeke wa pili.