Dawa uliyomwaga chooni inafika mtoni ikiwa bado dawa

Tangu tuanze kampeni ya kurudisha dawa zilizobaki maswali ni mengi, na karibu yote yanarudi palepale, kwamba mto ni mkubwa na dawa ni kidogo, sasa shida iko wapi. Jamani, hicho kidogo ndo shida yenyewe. Tunazungumzia antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria: dozi kamili inawaua, lakini dawa iliyochujuka majini inaua wale dhaifu tu, wale wagumu wanabaki na nafasi yote ni yao, tena wanaweza kuwapa vinasaba vyao vya usugu, yaani vya kuhimili dawa, hata bakteria wa aina nyingine kabisa, wakiwemo wanaotuumiza sisi.

Na msiseme ni viwanda tu. Ukimeza amoksilini, zaidi ya nusu inatoka kwenye mkojo bado ikiwa dawa, inashuka na majitaka mpaka kwenye mtambo ambao kwa kawaida ulijengwa kuondoa kinyesi na uchafu wa kawaida, haukujengwa kwa ajili ya dawa. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha McGill cha Kanada walikadiria mwaka 2025 kwamba tani kama 8,500 za antibayotiki wanazotumia binadamu zinaishia mitoni kila mwaka, na hapo mifugo na viwanda havimo kwenye hesabu. Kwahiyo ukinywa antibayotiki kwa mafua, ambayo ni ya virusi na antibayotiki haiyatibu, umeuchafua mto bure na wewe hujapona.

Kule mto unapokutana na bahari ndo kunatutia wasiwasi zaidi, kwasababu maji yanapunguza mwendo, yakijaa yanarudi nyuma, tope linatua, na dawa kama siprofloksasini na tetrasaikilini zinapenda kushikana na tope, zinakaa hapo. Chaza nao wanachuja maji hayohayo kutwa.

Mnauliza kama kuchemsha maji kunasaidia: chemsha, kunaua bakteria. Ila hakuondoi dawa, siprofloksasini inavumilia moto wa kuchemsha vizuri tu. Hili tumelirudia mara nyingi sana na bado tunaulizwa.

Viwanda sasa. Mwaka 2007 huko Patancheru, India, watafiti walikuta maji yanayotoka kwenye mtambo uliokuwa unapokea majitaka ya viwanda vya dawa yana siprofloksasini hadi miligramu 31 kwa lita, kiwango kinachozidi kile cha kwenye damu ya mgonjwa anayetibiwa. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa majitaka ya viwanda vya antibayotiki Septemba 2024, na Umoja wa Ulaya una sheria iliyoanza Januari 2025 inayotaka watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama za usafishaji wa ziada, ule wa kuondoa mabaki kama ya dawa, kwenye mitambo mikubwa ya majitaka. Kwa wenye vibali vya kutiririsha majitaka: sampuli ya kuchota mara moja haitoshi, tunataka ya saa 24, inakusanywa kidogo kidogo usiku na mchana, kwenye chupa isiyopitisha mwanga, ikae kwenye baridi mpaka maabara, na fomu iwe na saa, sehemu na sahihi ya aliyechukua. Ikikosa kimoja tunairudisha. Kiwango cha dawa kikizidi kilichoruhusiwa, kwa kawaida inaanza notisi ya maandishi, halafu faini, halafu kibali kinasimamishwa, na kulipa faini hakufuti wajibu wa kurekebisha mtambo, wengi wanadhani kunafuta.

Nyumbani: vidonge vilivyobaki rudisha famasi inayopokea. Kama haipo, changanya na udongo au machujo ya kahawa, funga vizuri kwenye mfuko, weka kwenye takataka, usimwage kwenye sinki wala chooni. Dawa ya mtoto iliyo ya maji irudishe na chupa yake hivyohivyo, na tafadhali usiisuuze kwanza, maana ukisuuza umeshaimwaga.