Bei ya picha ya mkono: yanayosemwa mezani Kigoma na hesabu yenyewe

Nachora maboti ya dagaa yakiwa ziwani usiku, taa zimewaka. Kila ninapopanga picha zangu kwenye maonyesho hapa Kigoma nasikia maneno yale yale kuhusu bei. Mengine ni ya wanunuzi. Yanayoniuma zaidi ni yetu wachoraji, kwa sababu ndiyo yanayowarudisha vijana wenye kipaji kwenye kuandika vibao vya maduka.

"Bei ni rangi na kitambaa, ongeza faida kidogo."
Edward Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya hadubodi, zile mbao nyembamba ngumu. Alifariki 1972. Picha alizochora mwenyewe katika miaka hiyo michache leo zinasakwa na wakusanyaji, na hakuna anayeuliza kopo la rangi lilikuwa shilingi ngapi. Gharama ya vifaa inakuonyesha hasara inapoanzia, basi.

"Picha hupimwa kama kiwanja, kwa eneo lake."
Hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Dumu la mawese halileti ugomvi sokoni kwa kuwa kipimo chake kinajulikana, na picha nayo inahitaji kipimo. Wengi huzidisha upana kwa urefu, kisha kila sentimita ya mraba wanaipa bei. Tuseme shilingi 50. Picha ya sentimita 40 kwa 60 itauzwa 120,000. Ya 80 kwa 120 inaruka hadi 480,000: pande zimeongezeka mara mbili, eneo limekua mara nne. Ile ndogo ya 15 kwa 20 inaanguka hadi 15,000, fedha ambayo huenda isimlipe hata seremala wa fremu.

Njia nyingine ni kujumlisha upana na urefu, kisha kuzidisha. Kwa shilingi 1,200 kila sentimita, picha ya kwanza inabaki 120,000, kubwa inakuwa 240,000, ndogo 42,000. Mimi nafuata hii. Kumchora mvuvi na karabai yake ndani ya nafasi ya kiganja kunanichosha macho kuliko kujaza anga la picha kubwa, na hesabu ya eneo haioni hilo. Fremu naiongeza mwishoni, kwa kiasi kile kile alichonitoza fundi.

"Duka likikata asilimia 40, ongeza asilimia 40."
Ukitaka 120,000 mkononi ukaandika 168,000, duka linalokuuzia picha litachukua 67,200 na wewe utabaki na 100,800. Gawanya 120,000 kwa 0.6: bei ni 200,000. Na bei hiyo hiyo iwe mezani kwako Ujiji. Mwenye duka akigundua unauza nyumbani kwa bei ya chini, atakurudishia picha zako, na atakuwa na haki.

"Mgeni wa Gombe aongezewe bei."
Wageni wanaokwenda kuona sokwe hulala nyumba zile zile, hupanda boti moja, na jioni huonyeshana walichonunua. Andika bei kwenye kikaratasi, uibandike pembeni mwa picha kabla ya mtu wa kwanza kufika. Mwenyeji asiye na fedha zote leo namruhusu alipe kidogo kidogo, picha ikikaa kwangu hadi amalize. Hiyo naiona heshima kubwa kwake kuliko kumnong'oneza bei nyingine.

"Jioni ya mwisho, tupa bei, usirudi nazo."
Aliyelipa kamili asubuhi bado yuko Kigoma, na atasikia. Picha isiyouzwa haiozi kama samaki wa mgebuka. Kama meza inahitaji kitu cha bei ndogo, njoo na picha ndogo au nakala zilizochapishwa, uziandike wazi kuwa ni nakala.

"Nimenunua picha, naweza kuichapa kwenye kalenda."
Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mnunuzi anaondoka na picha. Haki ya kuitoa nakala inabaki kwa aliyeichora mpaka waandikiane vinginevyo, na hiyo ina bei yake peke yake. Kwenye kila risiti yangu kuna mstari mmoja unaosema hivyo, na namsomea mnunuzi kabla sijaifunga picha.