Mandazi kunywa mafuta: wingi wa mafuta hauna kosa

Imani kwamba ukijaza mafuta karaini mandazi yatayanywa yote ni ya miaka mingi, na ndiyo inayowafanya wengi wamimine mafuta kidogo tu. Hapo ndipo wanapoharibu. Mafuta kidogo hupoa mara tu madonge yanapoingia, ganda halikauki upesi, na andazi hutoka zito, linalolowesha gazeti.

Kinachozuia mafuta ni joto. Kwenye nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi, maji ya ndani hugeuka mvuke na kutoka kwa kasi. Ndiyo yale mapovu ya ukingoni. Mvuke ukisukuma nje, mafuta hayapati njia. Mengi huingia baada ya kuopoa: mvuke hupoa, na mafuta yaliyobaki juu ya ganda hufyonzwa. Kwa hiyo yachuje mandazi papo hapo, yamesimama wima kwenye chujio, kamwe yasirundikwe bakulini.

Weka mafuta ya kina cha sentimita 5 hivi. Tupia kipande kidogo cha donge: kikizama kisha kikaibuka mara moja na mapovu, anza. Kikilala chini, subiri. Choma machache kwa zamu. Donge lililozidi maji nalo hunywa zaidi.