Sadaka ya Krismasi: maana yake na namna inavyotolewa

Mkatoliki anaposimama katika misa na kutamka "Nasadiki kwa Mungu mmoja", kisha muda mfupi baadaye akatoka kwenye benchi kwenda kutia sadaka kikapuni, ametumia neno moja mara mbili. Sadiki na sadaka ni ndugu wa tumbo moja, yote yametoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ukweli. Kusadiki ni kukubali kwamba jambo ni la kweli. Sadaka ni kile kinachotoka mkononi kuonyesha kwamba kukubali huko hakukuishia mdomoni.

Sadaka ya Krismasi, basi, ni toleo la hiari, la fedha au la vitu, ambalo waumini hulileta katika ibada za kuzaliwa kwa Yesu: mkesha wa tarehe 24 Desemba, ibada za tarehe 25, na katika makanisa mengi hata tarehe 26. Wakatoliki wengi huiita sadaka ya Noeli. Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste wamezoea Krismasi. Haina kiwango, na mtu asiye na kitu hana deni.

Hapo kwenye deni ndipo watu wanapochanganya mambo. Kanisani kuna matoleo mengi yanayopita kwenye vikapu vilevile, na kila moja lina kanuni yake. Zaka, au fungu la kumi, ni sehemu moja ya kumi ya kipato, na wahubiri huifundisha kwa Malaki 3:10. (Kwa Waislamu zaka ni faradhi yenye kiwango chake cha asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na sadaka ni hiari. Kiswahili cha kanisani kilichukua maneno yote mawili, kikabadilisha hesabu, kikaacha ile tofauti ya faradhi na hiari ilivyo.) Shukrani hutolewa kwa jambo mahususi: mtoto kapona, mama kajifungua salama, kijana kafaulu. Malimbuko ni ya kwanza ya kitu, iwe debe la kwanza la mahindi au mshahara wa kwanza. Mchango una kamati, una lengo na mara nyingi una kiwango kwa kila kaya: bati, kengele, gari la mchungaji. Mchango hudaiwa. Sadaka haidaiwi, na ikidaiwa imeshageuka kuwa mchango hata kama bahasha yake imepigwa chapa ya nyota na hori.

Sasa kwa nini siku ya kuzaliwa iwe siku ya kutoa? Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni mamajusi. Mathayo 2:11 inasema walifungua hazina zao wakampa mtoto tunu: dhahabu, uvumba na manemane. Mathayo hasemi walikuwa wangapi. Hesabu ya watatu imetokana na idadi ya tunu. Vitu vyenyewe si vigeni kwa watu wa pwani yetu. Uvumba ndio ubani, utomvu wa miti ya Somalia na Dhofar huko Oman, unaofukizwa chetezoni Lamu na Zanzibar mpaka leo. Manemane nayo ni utomvu wa mti wa nyika kavu unaoota Somalia, Ethiopia na kaskazini-mashariki mwa Kenya. Vilikuwa vitu vya thamani, na waliovileta walikuwa watu wenye uwezo.

Lakini kuna toleo jingine katika habari hiyohiyo ya kuzaliwa, nalo huhubiriwa mara chache mno. Luka 2:24 inaeleza kwamba Yusufu na Maria walipompeleka mtoto hekaluni walitoa hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Anayeijua Walawi 12 anaelewa papo hapo. Sheria ilimtaka mama aliyejifungua mtoto wa kiume alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na ndege mmoja, siku arobaini zikiisha. Aya ya 8 ikaweka nafuu: akiwa hana uwezo wa kondoo, alete ndege wawili. Yaani wazazi wa Yesu walitoa kwa kiwango cha maskini. Ukiweka hili kando ya maneno ya Paulo katika 2 Wakorintho 8:9, kwamba Kristo alikuwa tajiri akawa maskini kwa ajili ya wengine, unaipata maana ya sadaka hii kwa ukamilifu zaidi kuliko kwa dhahabu ya mamajusi. Anayetoa Krismasi anajibu zawadi aliyokwisha kupewa. Hanunui baraka wala halipi kiingilio cha sikukuu, na yai moja linahesabika kama ng'ombe.

Tarehe 26 nayo ina la kusema. Kalenda ya kanisa imeiweka kuwa sikukuu ya Stefano, na watu humkumbuka kama shahidi wa kwanza aliyepigwa mawe. Kazi aliyochaguliwa kuifanya lakini ilikuwa nyingine. Matendo 6 inasema wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku, manung'uniko yakatokea, na watu saba wakateuliwa kusimamia meza. Stefano ndiye wa kwanza kutajwa katika orodha hiyo. Siku moja baada ya Krismasi, kwa hiyo, kanisa linamkumbuka msimamizi wa mgao. Na utaratibu wa kukusanya katika ibada kisha kugawa kwa wenye shida ni wa kale: Yustino, mwandishi Mkristo wa kale, akiandika Roma yapata mwaka 155, anaeleza kwamba wenye nacho walitoa kadiri kila mmoja alivyopenda, na fedha zikawekwa kwa msimamizi wa ibada awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Kwenye utendaji, sadaka nzuri ya Krismasi huanza mapema, katika Majilio, zile Jumapili nne kabla ya sikukuu. Paulo aliwaambia Wakorintho kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, ili michango isianze kukusanywa atakapofika (1 Wakorintho 16:2). Familia inayotenga shilingi 5,000 kila Jumapili ya Majilio inafika tarehe 25 ikiwa na 20,000 ambayo haikumnyang'anya mtoto kiatu. Inayongoja asubuhi ya sikukuu hutoa kilichobaki baada ya nauli, kuku na soda.

Katika Majilio hayohayo, jumuiya ndogo ndogo kwa Wakatoliki, au mitaa na idara ya diakonia (huduma kwa wahitaji) kwa Walutheri, huandaa orodha ya wahitaji. Hii kazi ifanyike kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Orodha inayotungwa ofisini ina kasoro moja isiyokosa: inawakumbuka wanaoonekana kanisani na kumsahau bibi ambaye hajaja tangu Pasaka kwa sababu magoti yamekataa. Orodha iwe na idadi ya watu katika kaya, si jina la mkuu wa kaya peke yake, la sivyo nyumba ya watu wawili na ya watu tisa zitapata mfuko wa ukubwa mmoja.

Kapu la kaya ya watu watano lenye akili ni kama hivi: mchele kilo 5, sembe kilo 5, maharage kilo 2, sukari kilo 2, mafuta ya kula lita 1, chumvi, mche wa sabuni, na kitoweo cha siku yenyewe. Kinachosahaulika karibu kila mwaka ni mkaa. Mchele bila moto ni mzigo tu, na wapo waliouza nusu ya mchele ili wapike nusu iliyobaki. Nafaka na mafuta zinunuliwe mwanzoni mwa Desemba kabla bei haijapanda. Makapu yafike nyumbani tarehe 22 au 23. Ukipeleka tarehe 25 mchana, watoto wameshashinda na uji wakinusa pilau ya jirani. Nyama mbichi usiipeleke kwa asiye na jokofu zaidi ya anachoweza kupika siku ileile. Nguo za mtumba zifuliwe, vifungo viwepo. Na picha ya mpokeaji akishika kapu, isipigwe. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Simu nayo ni mkono.

Vijijini, na hata mjini siku hizi, sehemu yenye uhai zaidi ni mnada baada ya ibada. Asiye na fedha taslimu huleta alichonacho: trei ya mayai, mkungu wa ndizi, sado ya maharage, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Vitu hupangwa nje, mzee wa kanisa mwenye sauti na utani hushika jogoo juu na kuanza: elfu kumi mara ya kwanza, mara ya pili, kuna mwenye kumi na mbili? Jogoo ambaye sokoni ni wa 20,000 anaweza kuishia 45,000, na mnunuzi akasema "arudi mnadani". Anauzwa tena, na safari ya pili mara nyingi hukabidhiwa mjane au mgonjwa aliyetajwa. Mgeni anaweza kuona ni mchezo. Kwa kweli ni mashine nzuri sana ya ukarimu: aliyeleta jogoo ametoa jogoo, aliyenunua ametoa fedha, aliyepewa amepata kitoweo, na yote yametokea hadharani bila mtu kuulizwa kipato chake.

Mnada una ugonjwa wake, nao ni mkopo. Watu wakichangamka hupandisha bei wasizo nazo mfukoni, karani huandika majina, na Februari karatasi bado ina nusu ya wadaiwa. Dawa ni moja: kitu hakiondoki mezani mpaka fedha ionekane au ujumbe wa malipo usomwe.

Kilimanjaro kuna hali ya pekee. Desemba Wachaga hurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na makanisa ya Marangu, Rombo au Machame hujaa kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Viongozi wanajua kwamba wenye nafasi wapo, hivyo harambee za ujenzi hupangwa wiki hiyohiyo. Si kosa, mwenye kwao anapenda kwao paonekane. Kosa ni kuitia harambee ndani ya sadaka ya Krismasi, bahasha moja, tangazo moja, halafu mwishoni fedha yote ikaenda kwenye zege. Aliyedhani ametoa kwa ajili ya yatima ametoa nondo. Mwaka unaofuata hatasema kitu, atapunguza tu. Siku ya harambee iwe nyingine, hata kama ni kesho yake, au angalau bahasha ziwe za rangi mbili.

Kuhesabu ndiko kunakojenga au kubomoa imani ya waumini. Vikapu visiingie ofisini na mtu mmoja. Wahesabuji wawe watatu wasio wa ukoo mmoja, mezani, mlango wazi. Noti hupangwa kwa thamani, 10,000, 5,000, 2,000 na 1,000, sarafu pembeni. Mmoja anahesabu, wa pili anarudia, wa tatu anaandika kwenye fomu idadi ya kila noti kabla ya jumla. Wote hutia sahihi. Fedha ya lipa namba, yaani iliyolipwa kwa simu, iandikwe kwenye fomu hiyohiyo, maana ndiyo inayopotelea kwenye simu ya mtu. Kwa kuwa benki zimefungwa tarehe 25 na 26, fedha hukaa kanisani siku mbili au zaidi, na huo ndio muda wa hatari: ifungwe kwenye mfuko wenye sahihi za watatu, iwekwe kwenye sefu yenye funguo mbili kwa watu wawili. Anayeona huu ni utaratibu wa kutoaminiana asome 2 Wakorintho 8:20-21, ambapo Paulo anasema anajihadhari asilaumiwe kwa fedha anayoisimamia, akitengeneza mambo mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia.

Makapu ya tarehe 22 hulipwa na nini, kama sadaka inakusanywa tarehe 25? Swali hili huzikwamisha kamati nyingi. Njia iliyo salama ni kutumia bahasha za Majilio kwa ajili ya makapu, na kuiweka sadaka ya siku yenyewe kwa Januari. Tuseme bahasha zimeleta shilingi 1,200,000 na kapu moja ni 60,000. Kaya 15 zitachukua 900,000, usafiri 60,000, na 240,000 zitabaki. Zisiunguzwe kwenye chakula cha kamati. Ziungane na sadaka ya tarehe 25, kwa sababu Januari ni ndefu na shule zinafunguliwa: daftari, sare, viatu. Kaya iliyokula pilau Krismasi na kumwacha mtoto nyumbani Januari kwa kukosa sare imesaidiwa nusu.

Jumapili ya kwanza au ya pili ya Januari taarifa isomwe kanisani. Haihitaji hotuba. Kitu kama hiki kinatosha: "Bahasha za Majilio zilikuwa shilingi 1,200,000, zimehudumia kaya 15, zimebaki 240,000. Sadaka ya Krismasi ilikuwa shilingi 860,000. Jumla ya 1,100,000 itanunua sare na daftari. Wenye watoto wahitaji wawaone wazee wa mitaa kabla ya Jumatano." Majina ya waliopokea yasisomwe.