Mstari wa 213: makro iliyokula lori la mahindi

"Kaka, makro yako imekula lori." Dada anayeshika hesabu za mnunuzi mmoja wa nafaka pale Kibaigwa akiwa amekasirika hana salamu ndefu. Makro yenyewe, yaani hatua za Excel zilizorekodiwa ili zijirudie kwa kitufe kimoja, si yangu. Aliirekodi mwenyewe mwezi wa saba, mimi nilimwonyesha kitufe tu. Hata hivyo asubuhi yake nilipanda Coaster kutoka Dodoma mjini.

Nilimkuta mwenye lori kwenye benchi, stakabadhi ya mizani mkononi: kilo 9,840. Kwenye lahajedwali la wiki jina lake lipo, namba ya gari ipo, lakini safu ya kilo inasoma zaidi ya milioni mbili. Kwa hesabu hiyo, mahindi ya soko zima kayaleta yeye. Na kompyuta haikulalamika hata kidogo. Hapo ndipo ninapoogopa makro za kurekodi: ikigoma na kutoa ujumbe wa kosa, una bahati.

Tulinakili faili kwanza, kwa sababu kilichofanywa na makro hakirudi kwa Ctrl+Z. Kisha Alt+F11 kufungua msimbo, dirisha tukalibana nusu ya skrini ili shiti ionekane pembeni, halafu F8, hatua moja moja. Mstari wa msimbo unaong'aa njano bado haujatekelezwa; ndio unaofuata. Wengi hukosea hapo, wakalaumu mstari usio na hatia. Tulibonyeza F8 huku tukitazama shiti, hadi tukafika hapa:

Range("E213").Select
ActiveCell.FormulaR1C1 = "=SUM(R[-211]C:R[-1]C)"

Siku anarekodi, orodha iliishia mstari wa 212. Akabofya seli tupu iliyofuata, akajumlisha. Kichwani mwake alikuwa anakwenda "mwisho wa orodha". Kirekodi kiliona amebofya E213, kikaandika E213. Hiyo R[-211]C maana yake panda mistari 211 kutoka ulipo, safu ileile. Mavuno yalipokolea wiki ikafika mistari 340, na makro ikaenda kwa utii kabisa hadi E213, ikafuta kilo za mzee wa watu na kuandika jumla juu yake. Magari yote yaliyo chini yake hayakuhesabiwa.

Utashauriwa uwashe Use Relative References, kitufe kilicho jirani na cha kurekodi. Kina kazi yake, ila hapa kisingetuokoa: ukishuka kwa kipanya na kubofya, kinarekodi kwamba umeruka mistari 211 kutoka ulipokuwa, namba ileile kwa vazi jingine. Ukishuka kwa Ctrl na mshale wa chini ni afadhali, lakini safari inaishia kabla ya seli tupu ya kwanza, na orodha za mizani hazikosi seli tupu. Tuliandika kwa mkono:

mwisho = Cells(Rows.Count, "B").End(xlUp).Row
Range("E" & mwisho + 1).Formula = "=SUM(E2:E" & mwisho & ")"

Inaanzia chini kabisa ya shiti, mstari wa 1,048,576, inapanda mpaka ikutane na kitu. Nilichagua B kwa makusudi: ndiyo safu ya namba za magari, na hakuna gari linalopanda mizani bila namba. Jumla haiandikwi kwenye B, kwa hiyo hata makro ikibonyezwa mara mbili, jumla inarudi palepale.

Kisha tukatafuta "212" kwenye msimbo mzima kwa Ctrl+F. Ilikuwepo kwenye kupanga majina, kwenye mipaka ya jedwali na kwenye eneo la kuchapa. Usitibu ulikoumwa tu.

Kosa la pili la kimya lilikuwa kwenye tarehe. Dada akifungua kwa mkono faili la CSV la mizani (maandishi matupu, safu zimetenganishwa kwa mkato), 03/07 ni tarehe tatu Julai, kama kompyuta yake ilivyopangwa. Makro ikilifungua, inasoma kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza: tarehe saba Machi. Dalili ni tarehe za 13 na kuendelea, ambazo kwetu zilibaki maandishi, zimeegemea kushoto mwa seli, kwani mwezi wa 13 haupo. Kwenye mstari wa Workbooks.Open, ule unaofungua faili, ongeza mwishoni mkato na Local:=True, basi.

Yanayogoma kwa kelele nayapitia haraka. Kosa namba 9 mara nyingi ni shiti isiyokuwepo: ulirekodi ukiongeza shiti, ikaitwa Sheet2, leo Excel imeipa jina Sheet3, makro inaitafuta Sheet2. Shiti mpya ndiyo inayokuwa mbele, kwa hiyo andika ActiveSheet.Name = "Muhtasari" mara tu baada ya kuiongeza. Shiti ya jina hilo ikiwepo tayari utapata kosa namba 1004. Namba hiyo ni kapu la kila kitu, hata njia ya faili inayoishia kwenye kompyuta ya mtu aliyehama ofisi. Na ukihifadhi kama .xlsx badala ya .xlsm, usitafute kosa; makro yenyewe haipo.

Kilo 9,840 zikarudi mahali pake, mwenye lori akaandikiwa malipo. Kabla sijaondoka nilimwomba dada afungue mafaili ya wiki tatu za nyuma, moja kwa moja mstari wa 213. Mawili yalikuwa na jina, namba ya gari, na milioni za kilo. Nilimwacha anapiga simu.