Kwa nini gugu maji halimaliziki katika Ghuba ya Winam?

Anayefika ufuo wa Dunga mjini Kisumu alfajiri huweza kukuta maji matupu hadi macho yanapoishia, na wavuvi wa omena wakirejea kutoka kazi ya usiku bila kizuizi. Akirudi saa kumi jioni, huenda akakuta mahali pale pale pametanda kijani kibichi chenye maua ya zambarau, mashua zimenaswa, na vijana wanasukuma kwa pondo ili kufungua njia. Hilo ni gugu maji, mmea unaoelea, wala si jipya lililoota mchana huo. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na kwa kuwa Kisumu iko kwenye ncha ya mashariki ya Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria ulioingia Kenya, kila kinachoelea husukumwa kuelekea mjini. Usiku upepo hugeuka na kulirudisha gugu ndani.

Ukiling'oa shina moja na kulitazama, utaona jinsi lilivyoumbwa kwa safari hizo. Majani yake mapana husimama kama tanga. Kikonyo chake kimevimba katikati, na ukikikata kwa kisu huoni maji bali utando laini kama sponji, uliojaa hewa. Chini yake hakuna mzizi wa kushika udongo, ila kichaka cha mizizi myeusi inayoning'inia majini kama manyoya, ikinyonya virutubisho moja kwa moja.

Kuhamahama ni jambo moja, lakini kutomalizika ni jambo jingine. Gugu hili asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika Kusini. Watu walilibeba kwa sababu ya uzuri wa ua lake, likafika Misri mwishoni mwa karne ya 19, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana katika Ziwa Victoria, ambako mto Kagera umekuwa ukilishusha kutoka Rwanda na Burundi. Huko kwao si balaa, kwa sababu wapo wadudu na vimelea walioishi nalo tangu zamani, wakila majani yake na kulipunguzia kasi. Lilipovuka bahari liliwaacha wote. Mmea uliozoea kuzaana upesi ili ufidie kinacholiwa ukajikuta unazaana vile vile bila anayeula. Katika hali nzuri idadi yake huongezeka maradufu kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Tukichukua wiki mbili, shina moja huwa mashina 1,024 baada ya wiki 20.

Wala halikosi chakula. Mito kama Nyando hushusha udongo na mbolea kutoka mashamba ya miwa na mahindi, na miji huongeza majitaka yake. Nitrojeni na fosforasi, ambazo mkulima amezilipia ili zinenepeshe mahindi, hunenepesha gugu baada ya kila mvua kubwa. Ghuba nayo ina kina kifupi, na maji yake hayabadilishani kwa wepesi na ya ziwa kuu, kwa hiyo kilichoingia hukaa. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sehemu ya habari inayozungumzwa kidogo kuliko inavyostahili, labda kwa kuwa ni rahisi kuulaumu mmea wa kigeni kuliko mfereji wa shambani kwetu.

Zulia hilo linapotanda, mwanga haufiki chini, mimea ya majini hufa, na uozo wake hutumia oksijeni ambayo samaki wangeivuta. Ngege, samaki wa jamii ya tilapia, hukimbia. Konokono wanaobeba kichocho hupata makazi, na rafadha za mota husokotwa na mizizi. Hata hivyo si kila kiumbe hupata hasara: kamongo na mumi, ambao wanaweza kuvuta hewa juu ya maji, hustahimili huko, na samaki wachanga hujificha humo wasimezwe na mbuta. Mbuta mwenyewe ni mgeni, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na ulaji wake ulichangia kutoweka kwa aina nyingi sana za fulu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo. Lakini kwa kuwa huuzwa kwa bei nzuri, hakuna anayemwita gugu.

Dawa iliyotafutwa ilikuwa kumleta adui aliyeachwa Amazon. Baada ya kupimwa kuhakikisha kwamba hawatageukia mazao, aina mbili za fukusi wadogo, wenye urefu wa takriban milimita 5, waliachiliwa upande wa Kenya kuanzia mwaka 1997. Fukusi aliyekomaa hukwangua jani na kuacha makovu madogo ya rangi ya kahawia; buu lake hutoboa kikonyo na kushuka hadi kwenye moyo wa mmea, maji na vijidudu huingia kwenye tundu hilo, na zulia huanza kuzama. Mwaka 1998 gugu lilifunika takriban hektari 17,000 za ghuba; kufikia mwaka 2000 lilikuwa limebaki kidogo. Wataalamu hawajakubaliana ni sehemu gani ya ushindi huo ilitokana na fukusi na ipi ilitokana na mawimbi na mawingu ya El Niño ya 1997 na 1998.

Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilishusha tena virutubisho, na gugu likarudi. Fukusi walikuwa wapi? Buu likitaka kugeuka mdudu kamili hujifungia kwenye mizizi hai, chini ya maji, kwa hiyo zulia likizama huzama na kizazi kijacho cha fukusi. Gugu jipya huota kwanza, na adui yake huchelewa.

Ni kisa kile kile cha mahindi, ila kimegeuzwa. Mahindi nayo yalitoka Amerika na kuacha huko baadhi ya adui zake, mpaka viwavijeshi vamizi walipogunduliwa Afrika mwaka 2016 na kuingia mashamba ya magharibi mwa Kenya mwaka 2017. Adui alipoufuata mmea tunaoupenda, tulilia.

Mashine za kuvuna gugu zina shida nyingine. Takriban asilimia 95 ya gugu bichi ni maji, hivyo anayebeba tani moja hubeba kilo 50 hivi za mmea mkavu, ilhali hektari moja iliyoshonana huweza kufikia tani 300. Lililorundikwa karibu na maji hurudishwa na mvua, na kipande chochote chenye chipukizi hai huanza upya.

Kisha kuna mbegu. Huzama kwenye tope na kungoja ziwa lipungue, ufuo uanikwe na mwanga uzifikie. Huweza kubaki hai kwa miaka 20 na zaidi: iliyodondoka Dunga leo inaweza kuota wakati mtoto anayeanza darasa la kwanza atakapokuwa anatafuta kazi.