Siku ya Baharini si Siku ya Ufukweni

Katika ratiba za meli za kitalii, siku ya baharini ni siku ambayo meli haifiki bandari yoyote: huamkia safarini, hushinda safarini na kulala safarini. Maana yake imeishia hapo, nami nisingeona haja ya kuendelea kama nisingesikia kwa mara nyingine, safari hii kutoka kwa ndugu waishio Houston waliokwenda likizo na watoto kwa meli iliyong'oa nanga Galveston, kwamba siku ya baharini iliyowafurahisha zaidi watoto wao ilikuwa ile ya Cozumel, waliposhinda mchangani wakijenga vijumba hadi alasiri. Cozumel ni kisiwa cha Meksiko chenye magati ya meli kubwa. Siku hiyo meli ilikuwa imefungwa gatini, ngazi imeshushwa na abiria wameteremka. Wenye meli huiita siku ya bandari.

Siwalaumu sana, kwa sababu chanzo cha kosa kimo ndani ya lugha yetu wenyewe. Kiambishi -ni tunachokitia mwishoni mwa nomino hakisemi kama mtu yuko kando ya kitu, juu yake au ndani yake. Kazi hiyo tumeviachia viambishi vya pa-, ku- na mu-, ndiyo maana twasema hapa baharini pana upepo, kule baharini kuna watu, na mle baharini mna papa. Neno baharini likisimama peke yake hubeba yote matatu, na msikilizaji huachwa achague mwenyewe. Mkazi wa Dar es Salaam akiwaambia wanawe siku ya Jumapili kwamba wajiandae waende baharini, hakuna anayetafuta boya la kujiokolea. Wote wanajua wanakwenda Coco Beach, na kwamba pengine kutakuwa na mihogo ya kuchoma. Mke wa mvuvi wa Kilwa akisema mumewe yuko baharini, hakuna anayekwenda kumtafuta ufukweni. Ni neno lilelile, na katika vinywa vya wote wawili ni sahihi. Lakini linapoingia katika ratiba ya meli, maana ya mke wa mvuvi ndiyo peke yake inayobaki.

Kinachonikera ni kwamba hatukuhitaji kulibebesha baharini mzigo huo, kwa kuwa mahali pa kujengea vijumba vya mchanga pana jina lake la asili. Pwani limetokana na kitenzi kupwa, yaani maji kupungua na kurudi nyuma, likatiwa kiambishi kilekile cha mahali: pwani ni pale maji yanapopwa. Wazee waliounda neno hilo walikuwa wakitazama mstari unaohama kila siku kati ya maji na nchi kavu, wakaona sehemu hiyo inayofunikwa na kufunuliwa inastahili jina lisilochanganywa na la bahari yenyewe. Bahari tuliipokea kutoka Kiarabu, na bandari kutoka Kiajemi, lakini pwani ni letu, na laiti lingetumika zaidi. Wapo pia wanaoandika siku ya bahari bila -ni, wakidhani wamefupisha. Hiyo ni kitu kingine kabisa: Siku ya Bahari Duniani huadhimishwa tarehe 8 Juni, na haihitaji tiketi.

Neno meli lenyewe lina historia inayosaidia kueleza kwa nini dhana hii imetujia ngeni. Lilitokana na mail, neno la Kiingereza la barua zinazosafirishwa, kwa kuwa meli za moshi zilizokuwa zikifika katika bandari zetu zilijulikana kama meli za posta. Kabla yake tulikuwa na jahazi na merikebu. Meli ya barua ina shughuli bandarini tu, na siku zilizo kati ya bandari moja na nyingine ni gharama ya kuvumiliwa. Hata majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni yalikaa safarini majuma kadhaa, wala hakuna nahodha aliyehitaji kuzipa jina siku hizo, maana karibu zote zilikuwa za namna moja. Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa safari ya meli ya kitalii, yaani cruise, kwa upande wake, limetoka kwa Waholanzi, katika kitenzi kruisen, yaani kukatiza maji huku na huko, nacho kimetokana na jina la msalaba. Katika safari ya namna hiyo kuzunguka kwenyewe ndiko kunakouzwa, na siku isiyo na bandari huhesabiwa, hupewa jina na kupangiwa shughuli. Wenye meli hawaisikitikii hata kidogo: kwa kawaida kasino na maduka yasiyotoza ushuru hufungwa meli iwapo bandarini, hufunguliwa ikishatoka.

Kwa mzazi, siku hiyo ni ya bwawa, bufee na klabu ya watoto, ambayo kwa kawaida hupokea watoto kuanzia miaka 3, mradi wameacha nepi. Kuhusu nepi, jambo moja huwashangaza wengi wakishapanda: katika meli zinazofuata kanuni za afya za Marekani, mtoto ambaye bado anavaa nepi haruhusiwi kuingia katika mabwawa ya kawaida, hata nepi hiyo iwe ile ya kuogelea. Mchanga na maji ya kina kifupi, ambavyo kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ndiyo bahari yenyewe, siku ya baharini havipo.

Ipo mifano inayoonekana kuwa katikati. Huko Grand Cayman, kisiwa cha Karibi, meli hutia nanga mbali kidogo, na abiria hupelekwa nchi kavu kwa mashua. Hiyo ni siku ya bandari, ingawa meli haikugusa gati. Upepo ukimlazimisha nahodha kupita bandari bila kuingia, karatasi ya ratiba itaendelea kusema bandari, lakini mimi ningeiita siku ya baharini bila kusita. Na meli ya Queen Mary 2, inapotoka Southampton kwenda New York kwa usiku 7, haina bandari yoyote njiani, na kwa kuwa saa za melini hurudishwa nyuma kwa saa moja mara 5, zipo siku za baharini zenye saa 25. Mwenye mtoto anayeamka alfajiri ataamua mwenyewe kama hiyo ni zawadi.

Tofauti hii huwa nzito pale inapogusa umri wa mtoto. Kampuni ya meli za kitalii ya Royal Caribbean, kwa mfano, hupokea mtoto wa miezi 6 katika safari zake nyingi, lakini hudai awe ametimiza miezi 12 pale ratiba inapokuwa na siku 3 au zaidi za baharini zinazofuatana, kama ilivyo katika kuvuka Atlantiki au kwenda Hawaii. Ratiba ya usiku 7 kutoka Galveston inaweza kuwa na siku 3 za baharini, mbili za kwendea na moja ya kurudia, lakini hizo hazifuatani, kwa hiyo mtoto wa miezi 9 hazuiliwi. Mzazi anayeihesabu siku ya Cozumel kuwa ya baharini atapata hesabu nyingine, na huenda akamwacha mtoto kwa bibi yake bila sababu.

Kwa hiyo ndugu akikusimulia tena siku ya baharini yenye mchanga, usimkatize. Mwache amalize habari ya vijumba na ndoo, kisha muulize tu meli ilikuwa imefunga wapi siku hiyo.